Feng shui na akili ya kawaida: kanuni za upepo wa Beijing katika nyumba za pwani yetu

#1 Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Karibu kila kundi la ujenzi mtandaoni siku hizi lina mtu anayeuliza kama ramani ya nyumba yake imekaa vizuri kwa kanuni za feng shui, yaani ule utaratibu wa kale wa Wachina wa kupanga nyumba na mazingira yake ili ziwe na bahati, na majibu anayopewa huwa ya aina mbili tu: ama anaambiwa kwamba huo ni ushirikina wa Wachina aachane nao, ama anamiminiwa orodha ndefu ya makatazo bila hata moja kuelezwa limetoka wapi. Msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya kanuni hizo ilikuwa akili ya kawaida ya watu waliokaa mahali penye baridi yake na upepo wake, na kwamba anayezibeba kanuni akaiacha nyuma hali ya hewa iliyozizaa anaweza kuishia na nyumba mbaya kuliko ile ambayo fundi wake angemjengea bila ushauri wowote.

Tuanze kwao. Beijing iko karibu nyuzi 40 kaskazini mwa Ikweta. Mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri huko hupanda nyuzi 27 hivi tu juu ya upeo wa macho, likiwa upande wa kusini, na katika miezi hiyohiyo upepo mkavu wenye baridi kali huvuma kutoka kaskazini na kaskazini-magharibi, ukitokea Siberia na Mongolia. Mwenye nyumba katika hali hiyo hahitaji mtaalamu wa kumwambia aelekeze chumba kikuu kusini ili jua hilo la chini liingie hadi ndani, na ukuta wa kaskazini aujenge mzito usio na madirisha. Ndivyo zilivyo nyumba za kale za Beijing ziitwazo siheyuan, ambazo majengo yake manne huuzunguka ua. Jengo kuu huwa kaskazini mwa ua likitazama kusini, nalo hukaliwa na wazee wa familia, na lango la nyumba iliyo upande wa kaskazini wa kichochoro huwekwa kwenye pembe ya kusini-mashariki, si katikati. Ukishavuka lango huuoni ua moja kwa moja, bali unakutana na ukuta wa kusitiri unaokulazimisha kukata kona. Husemwa kwamba ukuta huo huwazuia pepo wabaya, ambao hutembea kwa mstari ulionyooka tu. Wakati huohuo unazuia vumbi, upepo na macho ya wapita njia. Wenyeji wa Lamu watautambua mpango huo mara moja, kwa sababu nyumba za mawe za kule nazo humpitisha mgeni dakani, yaani kibaraza cha mlangoni, kisha tekani, kile kiukumbi cha ndani ya mlango, na kumgeuza kabla hajauona ua wa ndani, wala hakuna aliyeagiza wazo hilo kutoka China.

Kanuni ya kuwa na mlima nyuma na maji mbele ina mzizi uleule: mlima wa kaskazini hukinga upepo wa kipupwe, na bonde lililo wazi upande wa kusini huleta jua na maji ya shamba. Hata hivyo tusiwasafishe kupita kiasi. Nyuma ya kasri la wafalme la Beijing, lililokamilika mwaka 1420, kuna kilima cha Jingshan ambacho kilirundikwa kwa mikono kutokana na udongo uliochimbwa kwenye mahandaki ya maji. Kina kimo cha mita 45 hivi, ilhali kasri lenyewe lina urefu wa karibu kilomita moja kutoka kaskazini hadi kusini, na kilima cha kimo hicho hakiwezi kuukinga upepo kwa umbali wote huo. Kwa hiyo hata huko kwao ilifika mahali sababu ikasahaulika na picha ya mlima ikatosha.

Sasa tuje huku. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 60 hivi mwaka mzima. Mwezi wa Juni hupitia upande wa kaskazini na mwezi wa Desemba upande wa kusini. Kuta za kaskazini na kusini zikiwa na upenu wa kutosha karibu haziguswi na jua kali, na zinazounguzwa ni zile za mashariki na magharibi, kwa sababu asubuhi na alasiri jua huwa chini na hakuna upenu unaoweza kulizuia. Anayesoma kwamba sebule lazima itazame kusini, akaigeuza nyumba yake kwa gharama kubwa ili atimize sharti hilo, amelipia jua la Beijing ambalo hapa halipo. Upepo nao kwetu si adui. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, kisha kusi hutoka kusini-mashariki, na nyumba isiyoupokea mmoja wala mwingine hailaliki.

Kanuni ninayoiona ikiharibu nyumba nyingi kuliko zote ni ile isemayo kwamba mlango wa mbele usitazamane na wa nyuma, kwa kuwa chi, yaani ile nguvu ya uhai, itaingia na kutoka bila kukaa. Mwezi wa Januari kule Beijing hiyo ni busara kamili, maana kinachoingia na kutoka ni upepo wa barafu unaoondoka na joto la jiko. Mwezi wa Februari hapa Dar es Salaam, kuuzuia upepo usitoke ni sawa na kuuzuia usiingie, kwa sababu hewa haiingii chumbani kama haina pa kutokea.

Aliye na kanuni nyingine ailete tuipime.

#2 Mchangiaji, Tanga

Mleta mada, umegusa kazi yangu, kwa kuwa nachora ramani na kusimamia mafundi. Nyumba ya Kiswahili tuliyoizoea mijini humu, yenye vyumba vitatu kila upande, inavunja kanuni hiyo ya milango tangu siku ya msingi: unatoka barazani, unaingia ukumbini, na ukumbi umenyooka kama uzi hadi mlango wa uani. Mchana milango yote miwili huachwa wazi, na hapo ukumbini ndipo watu hutandika mkeka, kwa sababu hakuna sehemu ya nyumba yenye hewa kuzidi hapo. Milango ya vyumba ikiwa wazi, upepo wa ukumbini huvuta hewa ya vyumbani pia.

Mteja wangu mmoja alitaka tujenge kizuizi cha jipsamu katikati ya ukumbi, chenye rafu ya maua, ili chi isikimbie. Nilimweleza, akasisitiza, tukajenga. Kabla ya kaskazi kwisha alikuwa ameshanunua viyoyozi viwili na anauliza kwa nini umeme wa Luku unakwisha haraka. Tulipokaa tukazungumza vizuri iligundulika kwamba chi haikuwa hoja yake hata kidogo: alichokichukia ni wageni wa barazani kuwaona wanawake wakiwa uani. Haja hiyo ni ya haki kabisa, na dawa yake ni pazia jepesi, au ukuta wa tofali za matundu uliosogezwa pembeni kidogo, ambao unakata macho na kuruhusu upepo. Tulikibomoa kile kizuizi kuanzia usawa wa bega kwenda juu, na ndani kukarudi kulalika.

#3 Mchangiaji, Guangzhou

Nakubaliana na mleta mada kwa sehemu, ila naona ameifanya China yote kuwa Beijing. Mimi nafanya biashara ya vifaa vya ujenzi huku Guangzhou, ambako ni nyuzi 23 kaskazini, na joto la mwezi wa Julai na unyevu wake havipungui vya Tanga. Wachina wa huku hawakungoja kuambiwa na mtu kwamba upepo ni neema. Katika eneo la kale la Xiguan nyumba za wenye nafasi zina milango mitatu inayofuatana kwenye kizingiti kimoja. Wa kwanza ni mfupi, wa kukata macho ya wapita njia tu. Wa pili ni wa magogo mviringo ya mbao yaliyolazwa, ambao husukumwa pembeni. Na wa tatu ni ubao mzima wa kufunga usiku. Mchana ule ubao huachwa wazi na yale magogo hufungwa, kwa hiyo mwizi hapiti na upepo unapita. Vijiji vya kale vya Guangdong navyo vimepangwa kwa safu zilizonyooka, na vichochoro vilivyo kati ya safu hizo ni vyembamba kiasi kwamba kuta hutiana kivuli na hewa ya humo hubaki na ubaridi.

Nyuma ya vijiji vingi vya huku kuna msitu ambao ni mwiko kuukata. Hong Kong peke yake ina misitu ya namna hiyo zaidi ya 100. Wazee husema unalinda bahati ya kijiji, na mtu akiutazama mteremko ulio juu ya nyumba, akakumbuka mvua za vimbunga vya Pasifiki, atajua kwamba mizizi ile inazuia pia udongo usiwashukie watu vitandani. Wamijikenda, wenye misitu yao mitakatifu iitwayo kaya, hawatashangaa.

Halafu tusisahau kwamba feng shui ina shule zaidi ya moja. Ya maumbo, ambayo huhusishwa na mkoa wa Jiangxi na mtaalamu Yang Yunsong wa enzi ya Tang, huanza kwa kuitazama ardhi yenyewe: vilima, maji, mteremko. Ile ya dira, iliyoshamiri Fujian, hutegemea zaidi hesabu za mwelekeo na nyakati, na siku hizi hata mwaka wa kuzaliwa wa mwenye nyumba huingizwa katika hesabu hiyo. Akili ya kawaida mnayoitafuta imejaa kwa hao wa kwanza. Kwa hao wa pili mtakesha.

#4 Mchangiaji, Mombasa

Mimi sijui ramani, nina swali la sebule. Nilinunua ile mianzi ya bahati inayokaa kwenye chombo cha kioo chenye maji, na chemchemi ndogo ya umeme, nikaambiwa niviweke kwenye kona ya utajiri. Programu moja ya simu inasema kona hiyo ni ya kusini-mashariki mwa nyumba. Nyingine inasema ni ile ya mbali upande wa kushoto ukisimama mlangoni. Kwangu ya kwanza ni chooni na ya pili ni penye friji. Niviweke wapi?

#5 Mleta mada

Dada wa Mombasa, programu zako zote mbili zimesema kweli, kila moja kwa shule yake. Kona ya kusini-mashariki inatoka kwenye mpango wa dira. Kona ya kushoto inatoka kwa tawi changa lililoenea Marekani kupitia Lin Yun, mwalimu wa feng shui aliyeanzisha hekalu mjini Berkeley, California, mwaka 1986. Tawi hilo liliiacha dira na kuanza kuhesabu kutoka mlangoni, jambo ambalo wengi wa watu wa dira hawalikubali hadi leo. Ukigeuza mlango wako utajiri unahama kwa hesabu ya hawa na unabaki palepale kwa hesabu ya wale. Sioni namna yoyote ya kuamua kati yao kwa kuitazama sebule yako.

Mmea wenyewe ninao cha kuusemea. Si mwanzi hata kidogo. Ni Dracaena sanderiana, ambayo asili yake ni Kameruni, kwa hiyo umeupokea kutoka China mmea wa bara letu wenyewe. Ni wa jenasi moja na isale la Wachaga. Na maji yale yaliyotuama ndiyo yanayonitia wasiwasi. Mwaka 2001 shehena za mmea huohuo kutoka kusini mwa China, zilizosafirishwa zikiwa ndani ya maji, ziliingiza California mbu aitwaye Aedes albopictus, ambaye ni ndugu wa yule Aedes aegypti anayeuma mchana na kueneza homa ya dengi huku kwetu. Dar es Salaam tulikuwa na mlipuko wa dengi mwaka 2014 na mwingine mwaka 2019, na Mombasa nako homa hiyo si ngeni. Mbu huyo hahitaji bwawa, kwani chombo cha kioo mezani kinamtosha. Mayai yake hugandia kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Kila wiki mwaga, sugua ndani kwa brashi, kisha tia mapya, au uhamishie mmea kwenye chungu cha udongo, ambamo unaota vizuri tu. Ukishafanya hivyo uweke popote unapopendeza macho yako, ilimradi usichomwe na jua moja kwa moja.

#6 Mchangiaji, Moshi

Umelitaja isale, nami nitaanzia hapo. Mchaga akikuletea jani la isale kuomba msamaha, humwulizi lina kazi gani kisayansi. Unapokea, na ugomvi unakwisha. Muislamu anayejenga huhakikisha kwamba choo hakielekei kibla wala hakikipi mgongo, na hakuna sababu ya upepo wala ya jua inayohitajika hapo. Mkianza kudai kila kanuni ya nyumba ijieleze kwa nyuzi za jua, mtabaki na vibanda vyenye hewa safi ambavyo havina mwenyewe.

La pili, hiyo akili ya kawaida mnayoitukuza nayo imewajengea watu nyumba za ajabu. Akili ya kawaida ya mjini inasema dirisha kubwa la kioo ndiyo hewa nyingi. Dirisha la aluminiamu la kusukuma hufunguka nusu tu, maana nusu ya pili hubaki nyuma ya mwenzake, ilhali luva za zamani ambazo watu wanazing'oa kwa aibu hufunguka karibu zote. Kioo hicho kikubwa kikitazama magharibi, mmejiwekea jiko la mkaa sebuleni kila alasiri. Hakuna Mchina aliyewashauri hivyo. Nani basi aliyeamua kwamba yenu ni akili na ya wenzenu ni imani?

#7 Mleta mada

Mzee wangu wa Moshi, hoja ya pili naipokea yote, na naiongezea dari za jipsamu zilizozibwa kila pembe, chini ya bati lisilo na hata tundu moja la kutolea hewa ya moto. Ninapozungumzia akili ya kawaida simaanishi lile linalomjia mtu kwanza kichwani, namaanisha lile linaloweza kupimwa na mwenye nyumba mwenyewe. Chukua kanuni ya kitanda. Feng shui inasema kichwa kiegemee ukuta mzima, na mlalaji auone mlango bila miguu yake kuelekezwa moja kwa moja mlangoni. Sehemu ya kuuona mlango ina maana popote duniani, kwa kuwa mtu hulala kwa utulivu akijua nani anaingia. Lakini ukuta mzima usio na dirisha katika nyumba nyingi za hapa ndio ule wa magharibi, na tofali za saruji huhifadhi joto la alasiri na kulitoa taratibu usiku. Saa tatu usiku weka kiganja kwenye ukuta huo, kisha kiweke kwenye ukuta wa kusini wa chumba hichohicho, ndipo uchague pa kulaza kichwa. Baada ya hapo angalia pangaboi lilipo na chandarua kitaning'inia wapi, maana kitanda kilichokaa kwa kanuni zote kikakosa upepo wa feni kitahamishwa na mwenyewe kabla ya wiki kwisha.

Jiko nalo ni hivyohivyo. Wanasema lisikae chini ya dirisha, nami naunga mkono, kwa sababu upepo unaiyumbisha au kuizima miali na pazia linaning'inia juu ya moto. Lakini hawasemi lolote, wala hawakuweza kusema zamani zile, kuhusu mtungi wa gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni, kwa hiyo tundu la kutolea hewa linapaswa kuwa chini karibu na sakafu, na dirisha la juu peke yake halisaidii. Mtu anaweza kulipa fedha nyingi jiko lake likaguliwe kwa dira, na mtungi ukabaki kwenye kabati lililozibwa pande zote. Nimeona pia ramani ambayo kona zote zilipewa majina ya bahati, na shimo la maji taka likachorwa juu ya mteremko, hatua chache kutoka kisimani, ilhali mita 30 ni umbali unaotajwa sana kuwa wa chini, tena kisima kikiwa upande wa juu.

Kuhusu isale na kibla, mzee wangu, sina ugomvi navyo. Choo hugeuzwa kwenye karatasi kabla ya msingi kuchimbwa, bila gharama, na adabu hiyo haimwahidi mtu fedha wala haimuuzii chemchemi ya umeme. Mimi nabishana na kanuni inayotoza. Inayotaka nizibe dirisha, nibomoe ukumbi au ninunue kitu, hiyo nina haki ya kuiuliza inanilipa nini.

#8 Mchangiaji, Mombasa

Ahsante sana. Mmea nimeuhamishia kwenye chungu, na kweli nilipouangalia mdomo wa kile chombo niliona vidoa vyeusi vimegandia juu ya maji. Nimalizie na swali la mwisho, kaka wa Tanga anisaidie. Kuna kiwanja kule Kilifi kinauzwa kwa bei nafuu kuliko vya jirani, kwa sababu barabara inaishia usoni mwake, na dalali anasema wateja wanakimbia kitu kinachoitwa mshale wa sumu. Nikinunue au nikiache?

#9 Mchangiaji, Tanga

Dada, katika kanuni zote zilizotajwa humu hiyo ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, ingawa sumu yenyewe siijui. Wachina huweka mahali kama hapo jiwe lililoandikwa jina la mlima Taishan, na jiwe likiwa kubwa vya kutosha litausimamisha mkokoteni, ambayo si kazi ndogo. Kwako wewe mambo ni matatu. Gari likikatika breki linakuja kwako. Taa za magari zitaingia chumbani usiku kucha, kwa hiyo vyumba vya kulala vichorwe nyuma, na geti likae pembeni mwa kiwanja, lisikabiliane na barabara. La tatu ndilo kubwa huku pwani: barabara ya udongo ikiwa na mteremko wa kukujia, wakati wa mvua hugeuka mfereji, na mfereji huo unaishia mlangoni kwako.

Usimlipe dalali hata shilingi kabla hujakiona kiwanja hicho wakati wa masika, mvua ikiwa inanyesha. Simama barabarani uangalie maji yanakokwenda. Kama hakuna mvua, nenda kwenye kuta za majirani utafute mstari wa matope, uupime kwa futi kutoka chini. Ukiwa chini ya goti, msingi ulioinuliwa, ukuta imara mbele na mtaro wa kuyageuza maji kabla hayajafika getini vitatosha; gharama zake zitoe kwenye bei, kisha nunua. Ukiwa juu ya goti, mwachie dalali kiwanja chake.